Namna ya Kuchagua Jenereta ya Kubebeka kwa Vifaa vya Saiti ya Ujenzi

Namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa jenereta ndiyo namba isiyofaa kununulia. Mara nyingi hiyo ni nguvu ya juu kabisa ambayo mashine inaweza kuitoa kwa muda mfupi tu kabla injini haijazidiwa au swichi haijajikata. Nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa saa baada ya saa, yaani nguvu ya kudumu, huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibao kilichobandikwa upande wa altaneta (sehemu inayozalisha umeme) au ndani ya kitabu cha maelekezo. Anayenunua kwa kutazama ubavu hugundua tofauti hiyo siku ya kumwaga zege, pale mikisa inaponguruma bila kuzunguka, taa zinapofifia na vaibreta ya kushindilia zege inapopoteza kasi. Na kwa kuwa zege halilali, hakuna nafasi ya kwenda kutafuta mashine nyingine.

Mwongozo huu unahusu jenereta za kati ya kilowati 2 na 10 hivi, ambazo hubebwa na watu wawili au husukumwa kwa magurudumu. Ukubwa wa jenereta ya namna hiyo haupatikani kwa kujumlisha wati za vifaa vyote vilivyomo stoo. Unapatikana kwa kuitafuta dakika iliyo ngumu kuliko zote katika ratiba ya kazi, kisha kununua mashine itakayoivuka dakika hiyo ikiwa bado na akiba.

Orodha ya vifaa na ratiba ya kazi

Andika kila kifaa kinachotumia umeme, na mbele yake uandike wati zake, aina ya mota yake na kazi kinayofanya. Safu hiyo ya mwisho ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu vifaa vya saiti havifanyi kazi vyote kwa pamoja. Grainda kubwa ya kukatia nondo hunguruma siku za kusuka nondo, msumeno wa mviringo huhitajika wakati wa kutengeneza mbao za fomu, na nyundo ya umeme hutumika pale panapobomolewa. Ukivipanga vifaa kwa makundi ya kazi badala ya kuvijumlisha vyote, mara nyingi utaona kwamba kundi moja tu ndilo zito, na hilo ndilo la kupigia hesabu.

Kwa makadirio ya kuanzia, grainda ya diski ya milimita 115 huvuta wati 700 hadi 900, na ile ya milimita 230 hufika wati 2,000 hadi 2,400. Drili ya nyundo ya ukubwa wa kawaida huzunguka kwenye wati 800, msumeno wa mviringo kati ya 1,200 na 1,800, na nyundo ya kuvunjia kati ya 1,500 na 2,000. Hata hivyo, makadirio hayachukui nafasi ya kibao cha kifaa chenyewe, na kibao nacho kina mtego wake. Vifaa vya kushika mkononi kwa kawaida huandikwa wati ambazo kifaa huzivuta kutoka kwenye soketi. Mota za mikisa, pampu na kompresa, kwa upande mwingine, mara nyingi huandikwa nguvu inayotoka kwenye shafti, iwe kwa kilowati au kwa nguvu za farasi, na nguvu hiyo ni ndogo kuliko ile inayoingia. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Lakini mota ndogo yenye ufanisi wa asilimia 75 italazimika kuvuta karibu wati 1,000 ili kuitoa. Mtu aliyeandika 746 kwenye orodha yake ameshapungukiwa na robo ya umeme kabla hata hajaanza kujumlisha.

Ikiwa kibao kinaonyesha ampia na volti tu, zidisha moja kwa nyingine. Jibu utakalopata ni volti-ampia, na kwa mota litakuwa kubwa kuliko wati halisi, jambo ambalo halina madhara kwa kuwa linakuelekeza upande wa usalama.

Dakika ya kuwasha

Mota za saiti ni za namna mbili, na kila moja huanza kazi kwa tabia yake. Grainda, drili, misumeno ya mkono na vaibreta nyingi za kubeba zina mota zenye kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ambazo huwaka kwa urahisi. Kuzidisha wati zake kwa 1.5 kunatosha kukadiria nguvu ya kuwashia. Mikisa ya umeme, pampu, kompresa na misumeno ya mezani kwa kawaida zina mota za induksheni zisizo na kaboni. Mota ya induksheni inayounganishwa moja kwa moja na umeme huvuta, katika sehemu ya kwanza ya sekunde, ampia mara 5 hadi 7 ya zile inazotumia ikiwa imeshika kasi. Jenereta huuhimili mvuto huo kwa sehemu tu, volti hushuka kidogo, mota hujikokota, kisha kila kitu hurejea mahali pake. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hutumia kanuni ya kuzidisha wati za mota ya induksheni kwa 3 pale inapowashwa bila mzigo, na kwa 4 au 5 pale inapowashwa ikiwa imebeba mzigo, kama kompresa yenye tangi lililokwisha kuwa na hewa.

Tuchukue siku ya zege kama mfano. Mikisa ina mota ya induksheni yenye kilowati 1.1 kwenye shafti, ambayo huvuta takribani wati 1,400. Nguvu yake ya kuwashia ni 4,200. Pampu ya kuzamisha yenye kilowati 0.75 huvuta takribani 1,000, na kuiwasha kunahitaji 3,000. Vaibreta yenye kaboni ni wati 1,500, na kuiwasha ni 2,250. Taa za LED kwa jumla ni wati 200. Vyote vikifanya kazi pamoja, mzigo ni wati 4,100.

Sasa tazama jinsi mpangilio unavyobadilisha hesabu. Mikisa ikiwashwa ya mwisho, vifaa vingine vikiwa tayari vinavuta 2,700, jenereta itatakiwa kutoa 6,900 kwa mkupuo. Mikisa ikitangulia, inahitaji 4,200 peke yake; pampu ikifuata, jumla hufika 4,400; taa zikiwashwa na vaibreta ikaja mwisho, kilele ni wati 4,850. Vifaa ni vilevile na kazi ni ileile, ila zaidi ya kilowati 2 zimeokolewa kwa kubadilisha nani anatangulia.

Akiba hiyo, hata hivyo, isichukuliwe kuwa ya uhakika. Pampu yenye boya hujiwasha yenyewe kila maji yanapopanda, bila kumuuliza mtu, na ikijiwasha katikati ya kazi kilele kinakuwa 6,100. Mikisa nayo inaweza kuzimika ikiwa na zege tumboni, na kuiwasha tena katika hali hiyo ni kuiwasha na mzigo. Maoni yangu ni kwamba kikundi chenye msimamizi makini kinaweza kutegemea mpangilio wa kuwasha, mradi boya la pampu lifungwe na pampu iwashwe kwa mkono. Penye watu wengi wanaochomeka vifaa kila mmoja kwa wakati wake, nunua kwa kilele kibaya zaidi.

Kipimo cha pili ni mzigo wa kawaida. Mashine isiendeshwe siku nzima ikiwa imebeba zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake ya kudumu. Kwa mfano wetu, 4,100 ukigawa kwa 0.8 ni takribani wati 5,100. Kwa hiyo tunatafuta jenereta yenye nguvu ya kudumu isiyopungua kilowati 5.1, na nguvu ya juu isiyopungua 4.85 kwa kikundi chenye nidhamu, au isiyopungua 6.9 kwa kikundi kisicho nayo, mikisa ikiwashwa tupu.

Kukisoma kibao na kukitilia shaka

Jenereta huuzwa kwa kVA au kwa kW, na wauzaji huzichanganya kwa makusudi au kwa kutojua. Kilowati ni umeme unaofanya kazi. kVA ni volti zikizidishwa kwa ampia, kisha kugawa kwa 1,000. Kiungo kati yake huitwa pawa fakta, na kwa jenereta za fezi tatu kibao huchukulia kuwa ni 0.8, hivyo mashine ya kVA 7 ina kilowati 5.6 tu. Kwa zile za fezi moja pawa fakta huandikwa mara nyingi kuwa 1, na hapo namba mbili huwa sawa. Kabla ya kulinganisha mashine mbili, zigeuze zote ziwe kilowati za kudumu.

Kwenye mashine za dizeli utaona pia herufi za kiwango cha ISO 8528. COP ni nguvu ya kudumu kwa mzigo usiobadilika, bila kikomo cha saa. PRP ni nguvu kwa mzigo unaopanda na kushuka, ambao wastani wake ndani ya saa 24 hauzidi asilimia 70 ya nguvu hiyo, na hiyo ndiyo inayofanana na hali ya saiti. LTP inaruhusu saa 500 kwa mwaka, na ESP ni ya dharura, isiyozidi saa 200 kwa mwaka. Jenereta iliyotangazwa kwa ESP haikutengenezwa kwa ajili ya kuendesha mikisa kila siku, hata kama kilowati zake zinavutia.

Kwa mashine za petroli zisizo na herufi hizo, njia ya haraka ya kupima ukweli wa muuzaji ni ujazo wa injini, ambao ni vigumu kuutia chumvi. Injini ya petroli ya mipigo minne, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, huhitaji takribani sentimita za ujazo 75 kwa kila kilowati moja ya umeme wa kudumu. Injini ya 210 kwa hiyo inaweza kuendesha kama kilowati 2.8, ile ya 389 kama 5.2, na ile ya 420 kama 5.6. Ukikutana na mashine ya 420 iliyoandikwa kilowati 8.5, fahamu kwamba kilowati hizo haziwezi kutoka katika injini hiyo kwa kazi ya kutwa. Uzito nao husema: altaneta yenye nyaya za shaba za kutosha ni nzito, na mashine iliyo nyepesi kuliko wenzake wa daraja lake kwa kilo nyingi imepunguziwa mahali fulani, mara nyingi kwa kutumia alumini badala ya shaba.

Mwinuko hupunguza nguvu pia, jambo ambalo husahaulika hadi mashine ifike saiti. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu yake kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyembamba. Kwenye mita 1,800, upotevu ni karibu asilimia 21, na jenereta ya kilowati 5.5 inakuwa ya 4.3. Kwa mfano wetu wa siku ya zege, mashine hiyo imeshaondoka kwenye orodha; pangehitajika ya kilowati 6.5 kwenye kibao. Kwenye miinuko mikubwa kabureta nayo huhitaji jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi, la sivyo injini itakunywa petroli nyingi na kutoa moshi mweusi huku plagi ikijaa masizi. Joto kali hupunguza nguvu pia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Petroli, dizeli au inveta

Jenereta za petroli ni nyepesi, ni rahisi kununua, na karibu kila fundi wa injini anazijua. Nyingi huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa hezi 50, au 3,600 kwa hezi 60, na kasi hiyo huzichosha. Dizeli ndogo za kubebeka nazo mara nyingi huzunguka kwa kasi hiyohiyo, lakini zile nzito zaidi za mizunguko 1,500 huishi muda mrefu zaidi, ingawa mtu hazibebi tena bali huzivuta. Kwa mafuta, petroli hula takribani nusu lita kwa kila kilowati-saa, na dizeli kati ya lita 0.3 na 0.4. Kazi ya kilowati 4 kwa saa 6 ni kilowati-saa 24, sawa na lita 12 za petroli au lita 8 hivi za dizeli. Anayewasha mashine kila siku atairudisha tofauti ya bei ya mashine ya dizeli. Anayewasha siku chache kwa mwezi hatairudisha kwa urahisi.

Dizeli haipendi kuwa kubwa kuliko kazi. Ikiendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, injini haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na utomvu mweusi huanza kutoka kwenye ekzosi. Ushauri unaosikika mara nyingi wa kununua kubwa ili uwe salama, kwa hiyo, una mpaka wake.

Inveta huubadilisha umeme wa altaneta kuwa wa mkondo mnyoofu (DC), kisha huutengeneza upya ukiwa safi, na injini hupunguza kasi mzigo unapopungua. Ni tulivu, na zinafaa kwa kompyuta, vifaa vya kupimia na chaja za betri za vifaa vya mkononi. Kwa mikisa na kompresa sizipendekezi, isipokuwa zile kubwa: inveta nyingi hujikata zenyewe mara mota ya induksheni inapodai mvuto wake wa kwanza, na kadi yake ya elektroniki ikiungua mara nyingi hubadilishwa nzima. Kwenye saiti ya kawaida, jenereta ya fremu wazi yenye kidhibiti cha volti kinachojiendesha, kile ambacho mafundi hukiita AVR, ndiyo chaguo la busara. Epuka zile zinazodhibiti volti kwa kapasita peke yake ikiwa utachomelea, kwa kuwa volti zake huyumba mzigo unapobadilika ghafla.

Mashine ya kuchomelea ihesabiwe kivyake

Kuchomelea ndiko kunakowaangusha wanunuzi wengi, kwa sababu namba iliyo kwenye mashine ya kuchomelea ni ampia za ncha ya fimbo, si ampia za soketi. Kwa fimbo za kawaida, volti za arki (cheche inayoyeyusha chuma) hukadiriwa kwa kuchukua 20 na kuongeza 0.04 ya ampia. Mashine ya inveta ya ampia 160 ikifanya kazi kwa nguvu zote hutoa volti 26.4, yaani wati 4,200 hivi. Ukihesabu ufanisi wa asilimia 85 na pawa fakta ya 0.68, jenereta itadaiwa takribani kVA 7.

Mchomeleaji wa saiti, hata hivyo, hafiki huko kila siku. Fimbo ya milimita 2.5 huungua vizuri kwenye ampia 85 hivi, ambazo kwa hesabu hiyohiyo zinadai kama kVA 3.4, na fimbo ya milimita 3.2 kwenye ampia 120 inadai kama kVA 5.1. Muulize mchomeleaji anatumia fimbo gani, kisha ongeza robo ya akiba. Mashine za zamani za transfoma zina pawa fakta mbaya zaidi, hivyo hudai jenereta kubwa kuliko hiyo kwa fimbo ileile. Wakati wa kuchomelea, usiache kifaa chenye elektroniki nyepesi kimechomekwa kwenye jenereta hiyohiyo.

Fezi, soketi na kebo

Fezi tatu huvutia kwa sababu mashine ya fezi tatu inaonekana kuwa na nguvu zaidi kwa bei ileile. Ikiwa huna kifaa hata kimoja cha fezi tatu, achana nayo. Soketi ya fezi moja kwenye jenereta hiyo hutoa sehemu tu ya nguvu yote, nyingine theluthi moja na nyingine zaidi kidogo, na ukiilemea fezi moja huku mbili zikiwa tupu, volti za zile tupu hupanda na kuharibu kilichochomekwa.

Hakikisha volti na hezi zinalingana na vifaa. Vifaa vya Marekani ni vya volti 120 na hezi 60. Vya saiti nyingi za Uingereza ni vya volti 110 na huhitaji transfoma yake. Hesabu soketi, tazama ampia zake, na uhakikishe kila moja ina saketi breka yake. Soketi ya ampia 16 kwenye volti 230 haitoi zaidi ya wati 3,680, hata kama jenereta yenyewe ni ya kilowati 7.

Kebo inaweza kuiba nguvu uliyoilipia. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa takribani omu 0.0121 kwa kila mita. Kwa umbali wa mita 50, umeme husafiri mita 100, kwenda na kurudi, na kwa ampia 16 hupoteza volti 19 hivi, zaidi ya asilimia 8 ya volti 230. Kwa waya wa milimita mraba 2.5 upotevu huo ni volti 12, kama asilimia 5. Mota inayowashwa kwa volti zilizopungua hukawia kushika kasi, huvuta ampia nyingi kwa muda mrefu na hupata joto. Jenereta hulaumiwa ilhali kosa ni la ekstensheni. Ekstensheni ya gurudumu ikunjuliwe yote kabla ya kubebeshwa mzigo mzito, kwa kuwa iliyobaki imezungushwa hujipasha joto hadi plastiki iyeyuke.

Usalama unaoamua aina ya mashine

Moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kuua ndani ya dakika chache. Jenereta isiwekwe ndani ya jengo, hata lisilo na milango na madirisha, wala kwenye ghorofa ya chini, wala ndani ya shimo la msingi. Iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, ekzosi ikielekea mbali na watu. Sharti hili linagusa ununuzi moja kwa moja, kwa sababu linaongeza urefu wa kebo, na kebo ndefu inarudisha ile hesabu ya volti.

Kwa vifaa vya kushika mkononi, hasa penye maji na zege bichi, chagua mashine yenye swichi ya RCD inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba kwenye jenereta ndogo nyingi nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, haijaungwa na fremu. Katika hali hiyo umeme unaovuja mara ya kwanza hauna njia ya kurudi, na RCD haitakata. Kitufe cha kujaribia hakitakuonya, kwa kuwa kitaikata RCD hata kama muunganiko haupo. Muulize muuzaji jinsi nyutro ilivyofungwa, tafuta maelezo yake kwenye kitabu, na umwachie fundi umeme mwenye sifa auunge pale panapohitajika pamoja na chuma cha erthi. Jenereta isiunganishwe kamwe na nyaya za jengo lenye umeme wa gridi bila swichi ya kubadilishia, kwa maana umeme utarudi kwenye laini na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Tafuta pia alama ya IP23, inayomaanisha kwamba vidole havifiki kwenye sehemu zenye umeme na matone ya mvua ya kutupwa kwa pembe hayaingii. Haimaanishi kwamba mashine inaweza kulala kwenye mvua. Kuhusu kelele, lebo yenye LWA, yaani kiwango cha nguvu ya sauti ya mashine, ndiyo ya kulinganishia. Fremu wazi nyingi huwa karibu na desibeli 97. Kadiri umbali unavyoongezeka maradufu, kelele hushuka kwa takribani desibeli 6, basi kuiweka mashine mbali kidogo kunasaidia kuliko vizuizi vya kubuni.

Kabla ya kulipa

Uliza kwanza vipuri: kabureta, AVR, kaboni za altaneta, filta ya hewa na kamba ya kuwashia. Kama muuzaji hawezi kuvionyesha au kueleza vinakopatikana, bei ndogo ya mashine haina maana. Hakikisha ina swichi ya kuzima injini oili inapopungua, kwa kuwa saiti hakuna anayekumbuka kupima oili ya mashine inayonguruma kila siku. Injini nyingi ndogo hubadilishwa oili baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 100. Kwa kazi ya saa 8 kwa siku hiyo ni kila wiki mbili hivi, na saa inayohesabu muda wa kazi inaondoa kubahatisha. Kwenye vumbi la saruji, filta ya hewa isafishwe mapema kuliko kitabu kinavyoagiza.

Mwisho, omba mashine iwashwe mbele yako ikiwa na mzigo. Njoo na grainda yako kubwa au, ikiwezekana, mota ya mikisa yenyewe, pamoja na mita ya umeme inayopima volti na hezi. Bila mzigo, mashine ya hezi 50 mara nyingi husoma kama 52, na ikibebeshwa mzigo hushuka kuelekea 50. Ikishuka chini ya 48 kwa mzigo ambao kibao kinadai inaumudu, ama injini ni ndogo ama gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya injini, haijarekebishwa. Volti zikidondoka wakati wa kuwasha ni kawaida, mradi zirejee ndani ya sekunde chache. Iache ifanye kazi kwa nusu saa, kisha sikiliza kama mlio unabaki thabiti, nusa kama kuna harufu ya vanishi inayoungua upande wa altaneta, na tazama rangi ya moshi kabla ya kuizima. Muuzaji akikataa jaribio hili, nenda kwa mwingine.